Mafuta ya Nazi Kwenye Gari la Dona Otília

Kila akitoka shule, Wahida alivua sare, akala alichoachiwa na mama yake, kisha akashuka bombani, mahali ambapo mjomba wake Dauto aliosha magari. Miaka ile gesi ilikuwa imegunduliwa chini ya bahari, na mji wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, uliozoea magari machache, ukajaa magari ya wageni na ya serikali. Jua na chumvi viliyala. Rangi ilistahimili, lakini plastiki nyeusi za bampa, za vioo na za milango zilipauka zikawa kijivu.

Kazi ya Wahida ilikuwa kuzirudishia weusi wake. Mjomba alimfundisha: sugua kwa brashi na sabuni, suuza, acha ikauke kivulini, ndipo upake dawa kidogo kwa sponji, kisha ufute inayobaki. Dawa yenyewe ilitoka Mtwara, kopo moja tu, na kuipata haikuwa rahisi.

Aliyemkera pale ni Bachir, kijana wa kijiji cha Olumbi aliyekuja Palma kutafuta riziki. Kazi yake kusuuza magari, na mdomo wake haukupumzika.

"Sugua, bi harusi. Ama unangoja ubebwe?"

"Rudi kwenu Olumbi," Wahida alimjibu. "Mnatujazia mji."

"Mji kaununua baba yako?"

Mjomba aliwafokea wote wawili. Ndivyo siku zao zilivyopita, kwa maji, povu na matusi madogo madogo.

Siku moja likaletwa gari la Dona Otília, ofisa wa kilimo aliyehamishiwa Palma kutoka Maputo. Jua lilikuwa kali, na Wahida alikuwa amenuna kwa sababu wenzake walikuwa wakicheza. Hakusugua. Alipitisha kitambaa kichafu, akamwaga dawa plastiki ikiwa bado na maji. Ikafanya madoa. Akaongeza dawa, madoa yakazidi. Alipokuja kushtuka, kopo limekwisha.

Mjomba alikuwa msikitini, Bachir amekwenda kununua sabuni. Wahida akakimbia nyumbani, akachukua chupa ya mafuta ya nazi aliyopika mama yake. Hakuona ajabu yoyote. Kila asubuhi mama alimpaka mafuta yale miguu iliyopauka, nayo ikang'aa. Bampa lina tofauti gani na goti? Akapaka gari mbele, nyuma na milangoni, likang'aa kama jipya. Mafuta yaliyobaki akayamimina katika kopo la dawa, akalifunga, akanyamaza.

Baada ya siku chache gari likarudi. Dona Otília aliteremka mbele ya watu waliopanga ndoo zao kungoja maji, akabamiza mlango. Alikuwa ametoka kikazi Olumbi, na vumbi la njiani lilikuwa limeganda juu ya bampa kama unga juu ya samaki wa kukaanga. Sisimizi walipanda na kushuka mlangoni.

"Dauto, umenipaka nini? Kule Olumbi mbuzi wamelilamba gari langu. Watu wamecheka mpaka kikao kikavunjika. Mimi kichekesho chenu?"

"Ni dawa ile ile, dona." Mjomba alifungua kopo, akanusa, uso ukambadilika. "Haya mafuta ya nazi." Akamgeukia Bachir. "Dawa yangu umemuuzia nani?"

"Sijaigusa."

"Tuko watatu hapa. Mimi sikuiuza, na mtoto huyu hajui kuuza. Amebaki nani?"

"Watu wa Olumbi mikono mirefu," alisema mwanamke mmoja kwenye foleni. Wengine wakaguna kumwunga mkono.

"Niite mvivu, nitakubali," Bachir alisema. "Mwizi, hapana."

"Mwizi ni mwizi," Mjomba alisema. "Vaa shati uende. Nitahakikisha Palma nzima hakuna anayekupa kazi."

"Gombaneni tu," Dona Otília alisema akifungua mlango wa gari. "Nami nitawaambia wenzangu ofisini wasikanyage hapa."

Wahida alikuwa ameomba mara nyingi Bachir aondoke. Sasa anaondoka. Alimtazama akikosea vifungo vya shati, akangoja furaha imjie, haikuja. Neno lile, mwizi, lingemfuata kijana huyu mpaka kwa mama yake.

"Ni mimi, mjomba," alisema. "Sikusugua. Dawa ikaniishia, nikatia mafuta ya mama."

Mjomba aliinua mkono, akaushusha. Kisha akasema chinichini, "Bachir, rudi kazini."

Bachir hakusogea. "Mwizi umeniita kwa sauti. Kunirudisha unanong'ona?"

Mjomba aliigeukia foleni, akapaza sauti. "Jamani, nimemkosea kijana huyu. Hakuiba kitu. Aliyefanya ni mtoto wetu wenyewe." Yule mwanamke akainamia ndoo yake kana kwamba ameona kitu ndani.

"Basi mtoto alisafishe," Dona Otília alisema. "Sasa hivi. Nitasimama hapa hapa."

Wahida alisugua kwa brashi na sabuni, akasuuza, akasugua tena mpaka vidole vikamwaka. Plastiki ilirudi kijivu, lakini safi. Mjomba akaahidi kuagiza dawa nyingine, na ilipofika, Wahida alifuata kazi hatua kwa hatua. Safari hii gari lilikwenda Olumbi likarudi, na vumbi likatoka kwa kitambaa kikavu. Dona Otília alilikagua bila kutabasamu, akasema, "Sasa sawa."

"Usidhani nimekusamehe," Bachir alimwambia Wahida walipokuwa wakiosha gari jingine.

"Nisamehe, kaka Bachir."

"Nitafikiria. Kioo cha kushoto umekiruka."

Jioni, wakikusanya ndoo, Mjomba alimwita Wahida karibu. "Siku ile ungeniambia dawa imekwisha, ningekugombeza, halafu tungekula pamoja yakaisha. Ulinyamaza, na mimi kwa hasira nikamshika aliye mgeni bila kuuliza. Kosa ukilisema mapema ni lako peke yako. Ukilificha, atalibeba asiyehusika. Wewe ulificha, mimi nikambebesha."

"Na aliyelibeba bado mgongo unamuuma," Bachir alisema, akampa Wahida ndoo iliyojaa.