Kabla ya Kuchimba, Fuata Maji

Kwa Kassimu na mkewe Waridi, mjini Kasongo, ufagio uliamka mapema kuliko jogoo. Waridi alifagia parseli yote, kiwanja kizima cha nyumba, kutoka mlangoni mpaka njia ya pikipiki. Hakuacha jani wala unyasi. Hata kuku walitembea pale kwa haya. Majirani walisema, "Kwa Mama Soraya kunang'aa!" Waridi alijifanya hasikii, lakini alisikia vizuri sana.

Jumamosi moja Kassimu alirudi kutoka Wamaza, alikokwenda kununua karanga. Nyuma ya pikipiki alikuwa amefunga miche kumi na miwili: avoka, machungwa na safu, ule muti wa matunda ya zambarau. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Hakunywa hata maji. Alishika jembe akaanza kuchimba shimo, hatua mbili tu kutoka chumba cha mama yake, Mama Chadia.

"Hapa kivuli kitamufikia mama," alisema.

Lakini Mama Chadia alikuwa na shida nyingine. Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi. Pembe ya chumba chake ilikuwa na ufa, na ufa ulikuwa unapanda. Mvua ikipiga, hakulala. Alikaa kitandani, viatu miguuni, tayari kukimbia.

"Panda miti, mwanangu," alisema. "Lakini ukuta ukiniangukia, hicho kivuli utamupa nani?"

Kassimu akazidi kuchimba.

Jirani yao Benita alipita na baiskeli. Benita ni mwagronome. Kazi yake ni kufundisha wakulima. Aliona shimo, akasimama.

"Baba Soraya, unamuzika nani?"

"Ninapanda avoka."

"Ikikomaa itakuwa na ukubwa gani?"

"Sijui. Itajua yenyewe."

Benita alicheka. Aliomba kamba. Kassimu alishika mwisho mmoja penye shimo. Benita alishika mwisho mwingine, akapima hatua tano, urefu wa matawi ya avoka iliyokomaa, akaanza kuzunguka akichora chini kwa kijiti. Hakufika mbali. Ukuta ulimzuia.

"Kamba ingali ndefu," alisema. "Matawi yatapita juu ya bati mpaka kitandani kwa mama. Na mizizi itapita chini."

Sauti ya Mama Chadia ilitoka chumbani: "Mimi niliolewa mara moja, inatosha! Avoka simutaki humu ndani!"

Kassimu alicheka mpaka akaweka jembe chini. Kisha akakuna kichwa. "Sasa nipande wapi?"

"Bado sijui. Na weye bado hujui. Maji ya mvua yanapita wapi hapa kwako?"

"Yanapita yanapotaka."

"Basi mvua ikija, yafuate uyaulize."

Mvua ilikuja kesho yake mchana. Watu wote walikimbilia ndani. Kassimu alivaa mfuko wa nailoni kichwani, akatoka nje.

"Eh, Kassimu!" Iliasi, jirani wa pili, alipiga kelele kutoka barazani kwake. "Umekuwa bata?"

"Niache, niko masomoni!"

Akayafuata maji. Yalianguka kutoka batini, nyuma ya nyumba. Ardhi ilikuwa tupu kama sahani, hakuna kitu cha kuyashika. Yakakimbia kando ya ukuta, yakakusanyika kwenye pembe ya Mama Chadia, yakala udongo. Kisha yakaingia ndani ya shimo la avoka na kulijaza. Kassimu aliinama. Akashtuka.

"Waridi! Njoo uone! Tulipojenga, haya mawe ya msingi yalikuwa chini ya udongo. Leo yako nje, yananiangalia!"

Mvua ilipokatika, Benita alikuja kuangalia. "Na udongo uliofunika mawe haya ulikwenda wapi?" aliuliza.

Kassimu aliangalia huku na huku. Macho yake yakaangukia ufagio. Waridi akaona.

"Mnasema ufagio wangu ndio unabomoa nyumba?"

"Usafi si kosa, dada yangu," Benita alisema pole pole. "Lakini kila siku ufagio unachukua udongo kidogo, na mvua inachukua mwingine. Ni miaka tisa sasa tangu mjenge. Nyasi ndizo zinashika udongo."

"Nyasi zinaleta nyoka. Na watu watasema nimekuwa mvivu."

"Nyasi ndefu, ndiyo. Ukizikata fupi, nyoka atajificha wapi? Fagia mlangoni, jikoni na njiani. Kwingine ziache ziote."

Waridi aliegemeza ufagio ukutani. "Basi fupi," alisema. "Nikiona ndefu, ninazing'oa mimi mwenyewe."

Juma zima hawakupanda kitu. Miche ilikaa kivulini, ikipewa maji. Walichora parseli kwa majivu: nyumba, jiko, choo, njia ya maji. Mahali pa kila muti walisimika kijiti, halafu wakaishi kama kawaida. Kijiti cha chungwa kilisimama katika njia ya kisima. Soraya, binti yao, akibeba bidoni ya maji, alikigonga mara tatu. Kikahamishwa. Kijiti cha safu kilikuwa karibu na pale Waridi anapoanika mihogo.

"Mnataka nianike kivulini?" aliuliza. Nacho kikahama. Miche mitano haikupata nafasi kabisa. Wakampa Iliasi.

Halafu ndipo jembe likaanza, tena si kwa miti. Kwanza walifukia lile shimo, wakarudisha udongo kwenye msingi, wakaushindilia uwe na mteremko kutoka ukutani kwenda nje. Walichimba mfereji nyuma ya nyumba mpaka bondeni mwa parseli. Kando yake walipanda sitroneli, yale majani ya kunukia ya chai, kwa sababu mizizi yake inashika udongo. Mwisho wa mfereji wakapanda ndizi, maana ndizi inapenda kunywa. Avoka ilipandwa mahali pa juu pakavu, hatua nane kutoka ukuta wowote. Mizizi yake ikikaa ndani ya maji inaoza. Ufa waliuziba kwa udongo.

Mwaka uliofuata nyasi zilikuwa zimefunika parseli, fupi kama nywele za askari. Siku moja ikaanguka mvua ya kutisha, tangu magharibi mpaka alfajiri.

Asubuhi Kassimu alitoka mbio. Mfereji ulikuwa bado unatiririka kwenda kwenye ndizi. Chini ya ukuta palikuwa pakavu. Ufa haukufunguka. Aligonga mlango wa mama yake. Akagonga tena. Mwishowe Mama Chadia alifungua, akipiga miayo.

"Mama, ulilala namna gani na mvua ile?"

Mama Chadia alimwangalia.

"Mvua gani?"