Gunia la Tatu

Walianza kwa ngumi. Nyuma ya magereji, katikati ya kelele za nyundo na honi, mtaalamu wa bakteria, buti za mpira miguuni na gauni jekundu kalikunja kiunoni, alikuwa anapanga mtaroni magunia ya makumbi ya nazi. Fundi breki akapita, akalipiga teke moja akidhani takataka. Dada huyo mtaalamu akamtwanga ngumi ya pua. Damu ikachuruzika hadi kwenye ovaroli, naye, mwehu yule, akapenda papo hapo.

Akimpa barafu apoze pua, dada alimweleza kwamba ndani ya makumbi wamo bakteria wanaokula oili chafu kabla haijafika kijitoni, ambako watu wa bondeni huchota maji. Tangu siku hiyo simu haziishi.

"Umekula, mpenzi?"

"Bado. Wadudu wako je, wameshiba?"

Aliyemwaga oili ile alikuwa kaka mkubwa wa fundi, mwenye gereji, na aliapa kuyachoma magunia kwa sababu yananuka. Fundi akajiona mjanja. Akayamwagia ndoo nzima ya klorini ili kukata harufu. Harufu ikakatika kweli, na bakteria wote wakafa.

Mtaalamu alinusa, akaelewa. Miezi ya kazi imekwenda na maji.

"Kaka yako amekutuma."

"Sijatumwa na mtu. Niliyaosha ili yasichomwe."

Hakumwamini hata kidogo. Alimzaba kofi, akazima simu.

Alipoleta magunia mapya, kaka alikuwa anamsubiri na panga. Alichana la kwanza, akachana la pili. Fundi akaruka mtaroni, akalikalia la tatu.

"Kaka, nakuheshimu, lakini hili hulipati."

Panga likamshukia begani kwa ubapa, mfupa ukavunjika. Fundi akamvuta mguu, akamwangusha kwenye oili yake mwenyewe, akambamiza uso ukutani mpaka panga likamtoka. Mafundi waliwatenganisha kwa taabu. Kaka akaondoka anatema meno, akisema hana mdogo tena.

Mtaalamu alishuka mtaroni. Fundi hakutaka kuachia gunia.

"Twende hospitali."

"Unaniamini?"

"Nakuamini, na nakupenda. Ukipona twende kwa mama yako. Wewe ukamwombe radhi kwa mwanawe uliyemvunja meno, mimi nikamwombe anipe huyu mwingine anioe."

Fundi alicheka, bega likamchoma, akalia palepale mbele ya wenzake.