Manifodi ya Baba Kwenye Tanuru la Sufuria

Saa tatu na robo asubuhi, Majengo, Songea. Fundi sufuria alikuwa ameinua nyundo juu ya manifodi ya gari la baba yangu.

"Simama! Usipige!"

Nilichelewa. Nyundo ikashuka... Sikio moja la manifodi, pale panapoingia bolti, likaruka na kuangukia kwenye majivu.

"Dada, vipi? Unataka nikuvunje vidole?"

Anaitwa Bakili, mtu wa Nakapanya. Kazi yake ni kuyeyusha alumini chakavu na kutengeneza sufuria. Tanuru lilikuwa limeshawaka.

"Hiyo ni mali yangu. Imeibwa!"

"Wallahi mimi nimenunua kwa mtu wa skrepa. Kwangu hii ni sufuria ambayo haijazaliwa."

"Ni yangu, kaka."

"Utajuaje? Haya madude yote yanafanana."

Swali lake lilikuwa la haki. Nilitoa kwenye mkoba gasketi ya zamani niliyoibandua mwenyewe kwenye injini, nikailaza juu ya manifodi. Kila tundu likakaa juu ya tundu lake. Kisha nikasugua masizi kwa kidole gumba. Namba ya kiwandani ikajitokeza, ileile niliyokuwa nimeipiga picha kwa simu.

Bakili akatazama simu, akatazama manifodi, akaweka nyundo chini.

"Chukua. Na sikio lako usilisahau."

Sasa niwaeleze kwa nini nilikipigania kipande cha alumini.

Baba yangu, mzee Rupert, anaishi Lusewa. Ana kisukari. Vidole viwili vya mguu wake wa kushoto vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi. Daktari alisema wazi kwamba vikikatwa mapema, mguu utabaki.

Baba akakataa ambulensi. Akakataa gari la kukodi. Akakataa hata gari la parokia!

"Watu wa hapa nimewabeba mimi kwenda hospitali, kwa Land Rover yangu," alisema. "Na mimi nitatoka hapa kwa gari hilohilo, au nitatoka kwa jeneza. Chagueni."

Gari lenyewe lilikuwa limesimama uani miaka mingi, kuku wanatagia ndani.

Mdogo wangu Valence alitaka tumfunge kamba tumbebe. Nilikataa. Baba ana akili timamu, na hakuna daktari atakayemkata mtu wa namna hiyo kwa nguvu. Ametoa sharti, nikasema, na sharti lenyewe linatimizika.

Nikamleta fundi Beda kutoka mjini. Tulisafisha tangi, tukabadilisha betri, tukafungua kabureta. Injini ikakohoa, ikazima. Ikakohoa, ikazima.

"Hapa, dada Theodosia," Beda akanionyesha. "Manifodi ina ufa."

Manifodi ni bomba lenye matawi linalopeleka hewa na petroli ndani ya injini. Ikiwa na ufa inavuta hewa ya ziada, na injini haitulii. Tuliifungua jioni ile tukaiweka barazani.

Asubuhi... haipo!

Baba alikuwa amekaa palepale barazani.

"Shikamoo, baba. Hukuona mtu hapa?"

"Marahaba. Kwa macho haya yaliyoliwa na kisukari, mwanangu? Nimwone nani?"

Aliyekuwa ameondoka alfajiri ni Valence, na alibeba mfuko. Kwa hiyo siku niliyoikuta manifodi Majengo, baada ya kuulizia kwa wanunuzi wa skrepa mmoja mmoja, nilimpigia nikiwa bado nje ya banda la Bakili.

"Umeiuza, Valence!"

"Nimeuza nini?"

"Manifodi! Asubuhi ile ulibeba mfuko!"

"Mahindi, dada! Mahindi mabichi ya wanangu! Niuze bomba bovu ili baba afe? Wewe umesoma mpaka umepotea!"

Akakata simu.

Najua mnachoandika kwenye komenti sasa hivi. Subirini kidogo.

Fundi wa kuchomelea alumini alirudisha sikio na kuziba ufa. Mimi na Beda tukaichemsha, tukasugua masizi ya miaka yote. Tukaziba matundu, tukaizamisha kwenye beseni la maji na kuijaza upepo kwa pampu ya baiskeli.

Mapovu! Ufa ulikuwa umeendelea upande wa chini, hatukuuona.

Ikachomelewa tena. Safari hii joto likaupinda uso wake. Tukabandika msasa juu ya kioo, tukachora mistari ya wino kwenye uso wa manifodi na kuusugua. Palipobaki wino, ndipo palipobonyea. Tukasugua mpaka wino wote ukaisha.

Wakati huo weusi ulikuwa umepita vidole. Jirani yetu Chiku, aliyekuwa akimwosha baba kidonda, alinipigia akilia. "Harufu, dada... harufu imebadilika."

Tuliifunga manifodi Lusewa mchana, na gasketi mpya. Valence alikuja pia. Hakunisalimia.

Beda akapiga stata. Injini ikashika... ikatulia! Kuku wakatawanyika uani, Chiku akapiga vigelegele.

Baba hakutabasamu.

"Yule kijana wa skrepa," alisema polepole, "aliniahidi ataiyeyusha siku hiyohiyo."

Nikamwambia Beda azime injini.

"Baba... ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Nimewapeleka wangapi kwa gari hili, Theo? Wengine walirudi wamepunguzwa viungo. Wengine nilirudi na blanketi zao tu. Nilitoa sharti nikijua gari limekufa. Nilipoona unalifufua, nikakosa pa kujificha."

"Na mimi nikaitwa mwizi," Valence akasema.

"Habari zilinifikia. Nikanyamaza. Nisamehe, mwanangu."

Nilimwomba Valence radhi palepale, mbele ya wote.

"Tutaongea baadaye," akajibu. "Shika miguu, mimi nashika mabega."

Baba hakupinga. Alisema neno lake ni neno, lakini akae mbele.

Gari halikuzima njiani hata mara moja. Hospitalini daktari alifungua bandeji, akaifunga tena.

"Vidole tu havitoshi sasa. Ni juu ya goti."

Kwa yeyote mwenye mgonjwa anayetoa masharti: kabla hujaanza kuyatimiza, muulize anaogopa nini. Manifodi niliipima kila upande. Sharti la baba sikulipima kabisa, na muda nilioutumia kulitimiza ndio uliokula mguu wake.

Asubuhi iliyofuata, mimi na Valence tulisimama kila mmoja upande wake wa kitanda cha magurudumu, baba ameshika mkono wangu.

"Theo, kule ndani nitasikia maumivu?"

"Hutasikia, baba. Watakuchoma sindano ya ganzi mgongoni."

"Umewauliza wenyewe?"

"Nimewauliza."

Akaachia mkono wangu.

Saa nne na dakika kumi, mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa.