Maji Yalipopoa

Haya yalimpata rafiki yangu Ursina, na Ursina si mtu wa kutunga. Alikuwa mwogeshaji katika hoteli ya chemchemi ya maji moto kule milimani, kama mama yake na bibi yake kabla yake. Wageni walilala kwenye mapipa ya mbao yenye maji hayo, kila mmoja chumba chake, na kusema kulikatazwa. Maji yakipoa, waligonga pipa mara mbili ili waongezewe ya moto.

Hoteli ilipokufa, alirudi na mumewe Flurin kufunga maji kabla barafu haijapasua mabomba.

"Shuka upesi," Flurin alimtania kutoka ngazini. "Unamwogopa nani? Hata mapipa yenyewe tulishayapasua kuni."

Ursina akashuka gizani hadi kwenye ujia wa vyumba vya kuogea, akazungusha koki hadi mngurumo wa maji ukakatika. Halafu, nyuma ya mlango wa kwanza, mbao zikagongwa mara mbili.

"Flurin, acha mchezo."

"Mchezo gani?" Flurin akajibu kutoka juu kabisa.

Zikagongwa nyuma ya mlango wa pili, na wa tatu, hadi mwisho wa ujia. Ursina akafungua koki tena. Kugonga kukakoma. Kisha, nyuma ya kila mlango, akasikia mtu akijizamisha majini taratibu na kushusha pumzi.