Jino Alilolificha Khalaf

Ndugu zangu, nitakusimulieni habari ya nyumba moja ya Ibra, huko Oman, nyumba ya watu wema wasiokuwa na ugomvi na mtu. Haikuvunjwa na ulevi wala tamaa. Ilivunjwa na jino moja, na watu wawili waliopendana wakaamua kulinyamazia.

Ilikuwa Ijumaa ya majira ya baridi, baada ya chakula cha mchana. Fawziya alikuwa amekaa sebuleni na mumewe Khalaf, kahawa iko mbele yao, mlango wa uani umeachwa wazi jua liingie. Khalaf alikuwa na miaka hamsini na saba, karani mkuu katika idara moja ya serikali pale mjini. Alizaliwa Wete, Pemba, akaletwa Oman na wazee wake akiwa mtoto. Alikuwa mcheshi, na akianza kuhadithia, hata wageni waliokwisha kuaga walirudi kukaa.

Siku hiyo dada yake alikuwa amemletea ubuyu kutoka Unguja. Akawa anaumung'unya huku akiipanga harusi ya binti yao, Shatha, aliyekuwa akisomesha Nizwa na amechumbiwa na kijana wa Samail aitwaye Hud.

"Watu wa Samail tutawapikia pilau wasiyoijua," alisema. "Wao wamezoea—"

Hakumaliza. Alikuwa ameuma mbegu. Fawziya alimwona anafumba macho, mkono umekwenda shavuni, na jasho linamtoka kwenye paji la uso na hali kulikuwa na baridi.

"Baba Muadh, una nini?" aliuliza, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kiume.

"Jino tu," alijibu, akiitema mbegu kiganjani. "Litapoa."

Lilikuwa gego la mwisho la chini, upande wa kushoto, lenye tundu la miaka. Halikupoa. Baada ya wiki mbili za panadoli na mafuta ya karafuu, Fawziya alimshika mkono akampeleka kwa daktari wa meno. Daktari alikuwa mwanamke kijana, Rumaitha, ambaye mama yake alikulia Unguja.

"Shikamoo, ami," alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nipe dawa tu nirudi kazini."

Rumaitha alimpiga picha ya jino, akamwonyesha. "Ami, jino hili limeoza mpaka ndani, na mizizi yake imepinda kama ndoana. Halitoki kwa kuvutwa. Nitakupiga sindano ya ganzi, nichane ufizi kidogo, nilikate nilitoe vipande vipande. Nusu saa, khalas."

"Na nikiliacha?"

"Usaha utatafuta njia. Na wewe una sukari, ami, kwako mambo yatakwenda mbio zaidi. Ukivimba, ukishikwa na homa, ukishindwa kufungua mdomo au kumeza, usiningoje mimi. Siku ile ile nenda spitali kubwa."

Alimpa dawa za siku saba na miadi ya Jumatatu. Khalaf alimeza dawa siku tatu, akapata nafuu, akaziacha. Zilizobaki Fawziya alizitia kabatini.

Jumatatu walifika mpaka nje ya mlango wa daktari. Khalaf alizima gari, lakini hakushuka. Mikono yake ilikuwa imeng'ang'ania usukani.

"Fawziya, twende zetu."

"Twende wapi? Tumeshafika."

Ndipo alipomwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia kwa miaka thelathini ya ndoa. Alipokuwa na miaka saba, Wete, watu wazima wanne walimlaza juu ya benchi, wakamkalia miguu, akang'olewa jino kabla ganzi haijashika. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. "Nikisikia harufu ya chumba kile," alisema, "mimi si mtu mzima tena. Wallahi nitakuja. Lakini si leo. Baada ya harusi." Kisha akamtazama. "Na watoto wasijue. Shatha akijua ataakhirisha harusi, na Muadh atanibeba kwa nguvu. Niahidi."

Fawziya hakuwahi kumwona mumewe akiogopa kitu. Alimwonea huruma. Akamwahidi.

Wasomaji wangu, msimlaumu upesi. Nani kati yetu hajawahi kumfichia mtu wake udhaifu wake akidhani ndiyo mapenzi? Tangu siku ile Fawziya akawa anampikia wali laini, nyama anaichambua nyuzi nyuzi, mkate anauroweka katika maziwa. Alijua saa za dawa za maumivu kuliko yeye mwenyewe. Shatha akipiga simu kutoka Nizwa na kuuliza, "Mama, mbona baba sauti yake imechoka?" yeye hujibu, "Mafua tu, mwanangu."

Siku chache kabla ya Ramadhani, asubuhi, alisikia kishindo chooni. Alimkuta Khalaf ameinamia beseni, damu zinamchuruzika kidevuni, koleo la gereji mkononi.

"Limetoka?" aliuliza Fawziya, roho juu.

"Limekatika juu." Alifungua kiganja, kulikuwa na kipande cha jino cheusi upande mmoja. "Mizizi imebaki."

"Twende kwa Rumaitha sasa hivi."

"Akanione nimefanya haya? Niache, bibie. Niache kwanza."

Alilia Fawziya, akambembeleza, akamtishia kwamba atamwambia Muadh. Hakumwambia. Na baada ya siku kumi likatokea jambo lililowafurahisha wote wawili: maumivu yalikwisha. Khalaf alikula futari kwa pande zote mbili za mdomo. "Limekufa lenyewe," alisema akicheka. "Limenihurumia."

Hapa ndipo wengi wetu hudanganyika, ndugu zangu. Kilichokufa kilikuwa mshipa wa jino, ule unaopeleka habari ya maumivu. Uozo haukufa. Uliendelea na kazi yake ndani ya taya, kimya, Ramadhani nzima na Idd ikapita.

Ndoa ilipangwa iwe Alkhamisi ya wiki ya pili baada ya Idd, nyumbani kwao Ibra. Jumanne Fawziya aliona uvimbe chini ya taya la mumewe, kama yai. Jumatano ulikuwa umevuka kidevu mpaka upande wa pili, na alipougusa ulikuwa mgumu kama ubao. Mwili ulikuwa wa moto. Alikumbuka maneno ya daktari, kila moja. Akaenda kabatini akazitoa zile dawa zilizobaki, akampa.

"Tukienda spitali watanilaza," alisema Khalaf, na maneno yalimtoka mazito, kama mtu mwenye tonge mdomoni. "Nani atamuoza binti yangu? Kesho tu. Kesho usiku nitakwenda, inshallah."

Nyumba ilikuwa imejaa wageni. Shatha alikuwa chumbani, mikono imenyooshwa juu ya mto, anapakwa hina, anaimbiwa. Fawziya alisimama mlangoni akamtazama. Neno moja tu lingetosha. Alilimeza, akarudi jikoni.

Alkhamisi baada ya Alasiri wanaume walikaa majlisi, chumba chao cha wageni. Khalaf alikuwa amejifunga kilemba chake kizuri na kujifunika shali mpaka kidevuni. Wanawake walijipanga ukumbini, nyuma ya mlango, kusikiliza. Sheikh alisoma hutuba, kisha akamtaka Khalaf, kwa kuwa yeye ndiye walii, atamke kwamba amemuozesha Hud binti yake.

Kisha ikatoka sauti ambayo Fawziya hakuitambua, nzito, iliyofungwa, kila herufi inavutwa kwa tabu. Neno la kwanza. La pili. Akapumzika kuvuta pumzi, na pumzi ile ilikuwa na mlio. Akaendelea mpaka mwisho.

"Maskini, baba mtu analia," alinong'ona jirani yao Ghaliya, naye akajifuta machozi. Vigelegele vikapanda.

Fawziya hakupiga kigelegele. Alipita kwa mlango wa nyuma akamkuta mumewe keshaingia chumba cha kuwekea mazulia. Alikuwa amekaa ameinama mbele, mikono juu ya magoti, mdomo wazi, mate yanamtiririka kwa sababu hawezi kuyameza. Ulimi wake ulikuwa umeinuliwa na uvimbe mpaka umegusa kaakaa. Akimlaza, anakosa pumzi. Akamwita Muadh kwa ukelele uliokata nyimbo zote.

Muadh, aliyekuja kutoka kazini kwake Sur kwa ajili ya harusi, alimtazama baba yake, kisha mama yake. Alimbeba mpaka garini. Njiani Fawziya alikaa nyuma akamshikilia mumewe aendelee kukaa wima. Khalaf hakuweza tena kusema. Alichukua simu yake, akaandika kwa kidole kinachoyumba, akampa asome: *Niliogopa tu.*

"Najua," alisema Fawziya. "Najua, mume wangu. Vuta pumzi."

Spitali walimpokea mbio. Walimtoboa koo apate kupumua, wakampasua chini ya taya kutoa usaha. Daktari mmoja alitoka kuja kuzungumza nao. Shatha alikuwa amefika, bado ana nguo za kijani za bibi harusi chini ya abaya.

"Jino hili limemwanza lini?" aliuliza daktari.

Muadh alisema, "Hatujui. Hakuwa na ugonjwa wa jino."

Fawziya alitazama sakafu. "Tangu baridi," alisema. "Miezi minne. Alivunja kipande kwa koleo. Jana nilimpa dawa za zamani."

Daktari hakumfokea, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alieleza pole pole kwamba usaha umeshuka kutoka shingoni mpaka kifuani, kuzunguka moyo, na sukari imeusaidia. Walifanya kila walichoweza kufanya, wakarudi kumpasua mara ya pili. Khalaf hakuamka. Jumapili, saa nne ya asubuhi, alifariki. Alizikwa Adhuhuri ile ile, na Hud, mkwe wa siku tatu, alikuwa miongoni mwa walioshuka kaburini kumpokea.

Wanawake walikuja kutoka Sur, Nizwa na Samail kutoa pole. Wengi waliuliza jambo moja, kwa sauti ya chini: "Jino? Jino tu?" Fawziya aliitikia kwa kichwa.

Siku ya tatu, wageni walipopungua, Shatha alikuja kukaa karibu na mama yake. Hina ilikuwa bado imekoza mikononi mwake.

"Mama, ile siku mimi napakwa hina, ulikuja mlangoni. Baba alikuwa ameshavimba?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua?"

Fawziya angeweza kusema alimwahidi Khalaf. Angeweza kusema ni siku yake iliyokuwa imefika, kama watu wote walivyokuwa wakimwambia, na kweli siku za mja ziko mikononi mwa Mungu. Lakini aliona kuwa kajificha vya kutosha nyuma ya maneno.

"Nilikuwa najua, mwanangu. Daktari alituambia dalili zote. Niliziona zote. Niliogopa kukuharibia furaha yako."

Shatha hakupiga kelele. Aliikunja mikono yake ndani ya mikono ya nguo, akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Mimi ningengoja. Harusi mwaka mzima ningengoja. Kwa nini hamkuniuliza mimi?"

Akalala mapajani mwa mama yake, wakalia pamoja. Harusi ya kumpeleka Shatha kwa mumewe Samail haikufanywa. Baada ya miezi mitatu Hud alikuja na dada zake wawili, akamchukua mkewe bila ngoma. Muadh alirudi Sur. Kwa muda mrefu alimpigia mama yake simu za kumjulia hali tu, fupi, kabla hajaweza kumsamehe. Fawziya alibaki Ibra katika nyumba yenye vyumba sita, na mpaka leo hakuna tonge analoliweka mdomoni akasahau.

FUNZO

Ndugu zangu, jino ni kiungo cha mwili kama moyo na figo. Likioza na kuachwa, uozo wake hauishii mdomoni. Maumivu yakiondoka yenyewe bila ya matibabu, hiyo si nafuu, ndiyo sababu ya kwenda haraka zaidi. Daktari akisema jino gumu hili litolewe kwa kukatwa, amwambie hivyo mtu mwoga au shujaa, lazima litolewe. Usilivute kwa koleo wala kwa uzi; utalivunja na mizizi itabaki na ugonjwa wake. Usikatishe dawa ulizoandikiwa, wala usimpe mtu mabaki ya kabatini.

Ukiona uvimbe wa uso au chini ya taya, homa, mdomo kukataa kufunguka, tabu ya kumeza au kupumua, sauti kubadilika, usingoje asubuhi wala usingoje shughuli iishe. Nenda spitali saa ile ile. Mwenye sukari asingoje hata kidogo.

Na ukiwa unaogopa, mwambie daktari kwamba unaogopa. Si aibu. Ganzi ya leo si ya zamani, na wapo madaktari wanaojua kumtuliza mtu mzima anayetetemeka. Khalaf hakupata kulisema hilo kwa Rumaitha, ingawa Rumaitha mwenyewe, alipokuja kutoa pole, alimwambia Fawziya kwamba angemlaza usingizi na asingejua kitu.

Nawe unayemtazama mtu wako akiumwa: siri ya ugonjwa si siri ya kutunzwa. Akikasirika, na akasirike. Akikuita msaliti, na akuite. Ataishi, na mtasuluhishana. Mungu amrehemu Khalaf, na awafungue vinywa wote wanaonyamaza leo katika nyumba zetu.