Chokoleti Si Matunzo

Kila alfajiri Nerissa huchemsha supu ya tambi anayoiuza sokoni La Paz, hapa Iloilo, Ufilipino. Binti yake Arlyn, wa miaka saba, hukata majani ya kitunguu. Mwaka jana alikuwa anajifunza pia kupika wali peke yake, kwa sababu mama yake alikuwa amejiandikisha kwenda Kuwait kufanya kazi za ndani. Angeondoka Juni ya mwaka huu, na Arlyn angebaki kwa shangazi. Nerissa alikuwa akilifikiria jambo hilo na kulia.

Baba yake Arlyn, Rogelio, alikuwa baharia, kisha akahamia Norwei. Pesa hakutuma. Kila Desemba alituma sanduku kubwa la chokoleti, sabuni na nyama ya kopo, na majirani wakamsifu mpaka unachoka kusikia.

Nerissa naye alidhani kupokea sanduku ni sawa na kupokea matunzo. Lakini siku moja alipokosa pesa za dawa za Arlyn, alijikaza, akamshtaki Rogelio ofisi ya mtaa. Wito ukapelekwa mara tatu kwa mama yake Rogelio. Mara zote mama huyo alijibu kwamba mwanawe hayupo, labda wauite ukuta.

Agosti, jirani yao Purita alikuja kunywa supu. Yeye ni karani katika ofisi ya mawakili wa umma. Aliposikia habari hiyo, aliweka kijiko chini.

"Mdogo wangu, wito wa mtaa utafikaje Norwei? Nchi yetu na ile zina mkataba wa matunzo ya watoto. Ofisi yetu inapeleka ombi lako kule, bure. Wao wanamtafuta, na ikibidi wanamkata kwenye mshahara."

"Lakini hatukufunga ndoa, dada."

"Nani kakuuliza ndoa? Cheti cha kuzaliwa alisaini?"

"Alisaini, upande wa nyuma, pale baba anapokiri mtoto."

"Basi mtoto ni wake. Na chokoleti si matunzo. Daktari utamlipa chokoleti? Anwani yake unayo?"

Nerissa hakuwa nayo. Purita akainama kutazama sanduku la Desemba, ambalo sasa lilikuwa la kuwekea bakuli. Ubavuni palikuwa na jina la Rogelio, mtaa, na mji wa Bergen. Nerissa alifurahi hata akamwaga supu mezani.

Kesho yake walipeleka cheti, anwani, na stakabadhi za dawa na sare. Miezi ikapita. Rogelio alipiga simu mara moja, akafoka. Nerissa hakulifuta ombi.

Aprili pesa ziliingia benki. Mei zikaingia tena. Nerissa alikwenda mbio kwa wakala wa Kuwait, akachukua pasipoti yake, akarudi nyumbani akihema.

"Jumatatu shule ikifunguliwa, nani atanisuka?" Arlyn aliuliza.

"Mimi."

"Na Jumanne?"

"Mimi."

Arlyn akazitaja siku zote za wiki, hata Jumapili, na Nerissa akazijibu moja moja.