Maji ya Rejeta

Maji aliyoyamwaga Abdulwahid nyuma ya banda jioni ile hayakunywewa na mchanga. Mji wa Siyu ardhi yake ina kiu. Ukimwaga ndoo nzima, kabla hujageuza uso imeshazama. Haya yalikaa. Yalikaa yakifuka mvuke mpaka adhana ya magharibi ikaisha, na Abdulwahid, aliyesimama na sufuria tupu mkononi, akasikia kutoka kwenye kile kidimbwi sauti ndogo, kama ya mtu aliyevuta pumzi akashindwa kuitoa.

Ndipo alipokumbuka kwamba hakusema bismillahi.

Jambo hili mjini pale hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Maji ya moto hayamwagwi chini ovyo, na magharibi ndiyo kabisa. Unataja jina la Mungu kwanza, unangoja kidogo, ili wale tusiowaona wawaondoe watoto wao, kisha ndipo unamwaga. Na Abdulwahid alikuwa mtu wa bismillahi mpaka akachosha watu. Akifungua boneti, bismillahi. Akiingia uvunguni mwa gari, bismillahi. Akiitukana nati iliyoshika kutu, astaghfirullahi, kisha bismillahi. Lakini jioni ile rejeta ilikuwa imemtia hasira tangu alasiri, mikono ilikuwa inamuuma, na akili yake ilikuwa kwenye kutu, haikuwa kwenye ulimi.

Gari lenyewe lilikuwa Landrova ya mwaka sabini na mbili. Aliliendesha miaka ishirini na sita alipokuwa dereva wa serikali, na lilipotupwa uwanjani likiwa mifupa, akalinunua yeye, akalivusha kwa mashua mpaka bandari ya Mtangawanda, na kutoka pale likavutwa kwa kamba hadi nyumbani kwake. Miaka mitatu lilikaa chini ya banda la makuti. Alilibandua rangi kwa msasa, akalitia mabati mapya mahali palipoliwa, akaishusha injini na kuipandisha mara nne. Mkewe, Bi Ruba, aliliita mke mwenziwe, na hakuwa akitania sana.

Mwaka huu lakini kazi ilikuwa na siku yake ya mwisho. Lubna, binti yao wa pekee, alikuwa amerudi kwa wazazi wake kujifungua mimba ya kwanza, kama ilivyo ada, na mtoto alikuwa na siku tisa, mvulana, Nabhan. Arobaini ikitimia, mama na mwana wangepelekwa Mtangawanda wapande mashua kurudi Kiunga kwa mumewe, Taufiq. Abdulwahid alikuwa ameapa mbele ya wakwe kwamba mjukuu wake hatapelekwa bandarini kwa punda wala kwa pikipiki. Atapelekwa kwa Landrova ya babu.

Kilichobaki kilikuwa rejeta tu, iliyoziba kwa kutu. Kwa hiyo alichukua sufuria ya maji ambayo Bi Ruba aliyachemsha kwa ajili ya kumkanda mzazi, akayatia ndani, akawasha injini ikanguruma robo saa, akafungua kizibo cha chini. Maji yakatoka mekundu, yanatokota. Akayakinga kwa sufuria ile ile, akaenda kuyamwaga.

"Bwana," Bi Ruba aliita kutoka jikoni. "Yale mai ni ya moto. Umesema bismillahi?"

"Nimesema."

"Kweli?"

"Nimesema, Ruba. Mimi mwana mdogo?"

Uongo wenyewe ulikuwa huo, wala haukumgharimu kitu kuutamka. Nasema wazi kwamba mimi simwonei huruma hapa. Mtu husahau, na kusahau kunasameheka. Lakini mzee wa miaka sitini na moja anayeona haya kumwambia mkewe "nimesahau", huyo namlaumu.

Kesho yake gari lilinuka. Ilikuwa harufu ya kuku anapotiwa maji ya moto ili anyonyolewe, na ilitoka mbele, kwenye matundu ya rejeta. Abdulwahid alidhani panya ameungua kwenye injini. Alitafuta asubuhi nzima kwa tochi ya simu, akafungua mipira yote, asione kitu. Kidimbwi nyuma ya banda kilikuwa bado kipo, na kilikuwa bado na uvuguvugu.

Siku ya tatu, adhuhuri, wakati nyumba nzima imelala kwa joto, alisikia mtoto analia. Alikuwa amechuchumaa anasafisha plagi, akasema moyoni kwamba Nabhan ameamka. Lakini kilio hakikutoka nyumbani, kilitoka chini ya boneti. Injini ilikuwa baridi. Alipoiinua boneti, kilio kikakatika. Alipoishusha, kikaanza tena, chembamba, kimekauka, kilio cha mtoto aliyelia siku nyingi hata sauti imemwishia. Na chini ya kilio kile, polepole, alisikia mwanamke anambembeleza, anavuta sauti bila maneno, kama mama yeyote anavyofanya akiwa amechoka na hajui la kufanya.

Alikwenda mbio ndani. Nabhan alikuwa amelala ubavuni mwa mamake, ngumi ndogo imekamata kidole chake.

Siku ya nne Nabhan akatoka lengelenge kwenye kifundo cha mguu. Siku ya tano yalikuwa matatu. Siku ya sita miguu yote miwili, kuanzia magoti kushuka, ilikuwa imetutumka na kubambuka, na mtoto alikuwa halali, na alipolia, Abdulwahid alisimama ukumbini akasikiliza, maana vilio vilikuwa viwili, kimoja chumbani na kimoja bandani, na kila kimoja kiliponyamaza kingine kilikipokea.

Wakampeleka zahanati. Muuguzi, Mueni, mtu wa bara aliyezoeleka mjini kwa upole wake, aliifungua kanga aliyofungiwa mtoto, akaikagua miguu yote miwili.

"Hii si ugonjwa," alisema. "Hii ni maji moto. Nani huosha mtoto?"

Lubna alimtazama mamake.

"Mimi," alisema Bi Ruba. "Mikono hii imeosha wana wa mtaa mzima."

"Sikulaumu, mama. Lakini nikiona kidonda kingine itabidi niripoti. Si kwa ubaya. Ni sheria."

Habari ikafika mtaani kabla yao. Tangu siku hiyo Lubna alimwogesha mwanawe mwenyewe, kwa maji baridi, na mlango kaukomea kwa ndani. Bi Ruba alikaa kwenye baraza ya ndani na mikono yake mapajani, akiigeuza, anaitazama viganja na migongo, kama aliyepewa mikono ya mtu mwingine. Alikwisha kuanza kujiuliza kama kweli ni yeye. Mumewe alipita mbele yake mara kumi kwa siku. Neno moja lingemtua mzigo ule. Hakulisema.

Malengelenge yaliongezeka hata mlango ulipokomewa, ndipo wakamwita Mwalimu Famau, aliyejulikana mjini kwa kutoa majini.

Mwalimu alikuwa mtu mfupi, msafi, asiyependa maneno. Alikuja na sahani nyeupe, zafarani na marashi ya kuandikia kombe, aya zinazoandikwa sahanini kisha zikaoshwa kwa maji ya dawa, akaketi, na kabla hajagusa kitu akawakusanya wote watatu.

"Nauliza jambo moya kabla ya yote," alisema kwa sauti ya chini. "Ni nani aliyetangulia kumuumiza mwingine? Jini akidhulumu, mimi humtoa kwa nguvu. Akiwa yeye ndiye aliyedhulumiwa, hatolewi. Huombwa radhi, hupewa haki yake, na mara nyingi haki yake ni kitu kidogo. Kuna mtu humu amemwaga mai ya moto tini bila kutaja ina la Mola?"

"Bwana alimwaga ya gari," alisema Bi Ruba. "Lakini alitaja. Nalimuuliza."

Mwalimu akamgeukia Abdulwahid. Nje ya dirisha majirani wanne walikuwa wamesimama, na pamoja nao mkwewe, babake Taufiq, aliyekuja kumwona mjukuu.

"Nilitaja," alisema Abdulwahid.

Basi kazi ikafanywa kwa nguvu. Ilifanywa bandani, baada ya alasiri, boneti imefunguliwa na ubani unafuka pande nne, Lubna kakaa kwenye kiti cha nyuma na mwanawe kifuani, na Mwalimu akaanza kusoma, kwanza taratibu, kisha kwa haraka, kisha kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba kifua kile kidogo kinayo, huku gari likitikisika juu ya magurudumu yake ingawa hapakuwa na upepo na hapakuwa na mkono uliolisukuma, na ile harufu ikapanda ikaushinda ubani, na kilio cha bandani kikapaa mpaka watoto wa majirani wakaanza kulia nacho, na ndani ya kilio hicho, kupitia mdomo wa Lubna ambaye macho yake yalikuwa yamefumbwa, mwanamke akasema kwa upole kabisa, "Muulize tena yule mzee."

Mwalimu akaacha kusoma.

"Muulize tena," alisema yule mwanamke. "Mimi sikuanza."

"Wote husema hivyo," alisema Mwalimu, lakini akamtazama Abdulwahid, na Abdulwahid, jasho linamtiririka, akatikisa kichwa kwamba hapana, hana la kuongeza.

"Toka na mwanao," alisema Mwalimu.

"Mwanangu hawezi safari. Ana vidonda."

"Toka."

"Hawezi safari," alisema tena, na sasa alikuwa analia. "Mimi nitatoka. Yeye hawezi."

Mwalimu akaosha sahani, akamimina maji ya kombe ndani ya rejeta, akasoma aya ya mwisho mara saba. Gari likatulia, kilio kikakatika, na nyuma ya banda kile kidimbwi kikazama mara moja, mchanga ukawa mkavu. Lubna alifumbua macho akauliza kwa nini kila mtu anamtazama.

Asubuhi yake miguu ya Nabhan ilikuwa laini kama siku aliyozaliwa. Mueni aliishika, akaigeuza, akasema hajaona kitu kama hicho, kisha akamwomba Bi Ruba msamaha mbele ya watu. Landrova iliwaka kwa ufunguo wa kwanza. Mtaani walisema Mwalimu ana mkono, na Abdulwahid ana bahati, na Abdulwahid alilipaka gari rangi ya kijani mara ya pili huku akijaribu kuamini hivyo. Mtoto alikuwa halii tena hata kidogo. Watu wakasema ni mtoto mwema.

Siku ya arobaini ilikuwa siku ya kumnyoa, na babu aliomba wembe yeye. Alimkalisha kwenye paja, akazilowesha zile singa za kuzaliwa, akaanza kutoka kwenye paji. Nywele zikaanguka kidogo kidogo. Utosini wembe ukakwama. Alipangusa kwa kidole, akaona kovu. Lilikuwa kubwa kama kiganja chake, kavu, limekunjamana, limeshuka kutoka utosini mpaka nyuma ya shingo, kovu la mtu aliyemwagiwa kitu kutoka juu. Nabhan aliungua miguu. Kichwani hakuwahi kuguswa.

Mtoto hakusogea chini ya wembe. Aliinua macho akamtazama, akamtazama bila haraka, kama mtu anayemfahamu mwenziwe na anangoja aanze yeye kusalimu.

Abdulwahid alimvika kofia, akamrudisha ndani, akaenda kwa Mwalimu Famau kwa miguu, na huko, mlangoni, kabla hajaketi, alisema yote.

Mwalimu akaketi kwenye kizingiti.

"Yule mama alikuwa na haki," alisema. "Alisema muulizeni, nami nikamfukuza kwa ushahidi wako. Lau ungesema siku ile, ingekuwa ubani kidogo na halwa, na wewe kupiga magoti. Yule wake hakuweza safari, amemwacha. Wenu aliungua miguu tu, safari aliiweza, akamtukua badala yake."

"Muite arudi."

"Ile ndia niliifunga mimi, Abdulwahid. Mimi mwenyewe sina uwezo wa kuifungua."

Aliporudi, mizigo ilikuwa imeshapakiwa. Bi Ruba alikuwa chumbani anakunja kanga za mwisho. Lubna alikuwa ameketi kwenye kiti cha nyuma cha Landrova, ushungi umeshuka, ananyonyesha. Abdulwahid alishika mlango wa gari kwa mikono miwili.

"Lubna. Mwanangu. Huyo mtoto..."

"Najua, baba."

Abdulwahid akauachia mlango.

"Najua tangu asubuhi ile," alisema Lubna. Hakuinua sauti wala uso. "Nabhan akinyonya alinishika kidole. Huyu hashiki kitu. Hunitazama tu."

"Mbona hukusema? Mwanangu, nilisema uongo. Sikutaja. Nilisema uongo mara ya kwanza, na ya pili, na..."

"Nilimsikia yule mama akisema kwa mdomo wangu, baba. Nyinyi mlidhani sisikii." Alifuta jasho kwenye shingo ya mtoto kwa ncha ya kanga, kwa uangalifu, asiguse kovu. "Mama hajui. Ameombwa msamaha, lakini bado anaamini ni mikono yake iliyomchoma. Utamwambia leo, kabla hatujafika Mtangawanda. Hilo ni lako."

"Na huyu? Utamfanyaje huyu? Mpe Mwalimu, tumrudishe bandani, tu..."

"Nikimtupa huyu, yule atamfanya nini wangu?"

Abdulwahid akageuka kutazama banda.

"Yule ni mzazi kama mimi," alisema Lubna. "Nikimnyima huyu, naye atanyima. Nikimpiga, atapiga. Kwa hiyo mimi namlea, baba. Namlea vizuri. Kila akishiba huyu, najua na wangu huko ameshiba."

Akamtoa mtoto kwenye titi la kushoto, akamgeuza, akampa la kulia.